Kifungu cha Tisa

Mvua kubwa za El Niño zilipokatika mwanzoni mwa mwaka wa 1998, kipindupindu kilikuwa kimeshaingia Kibera. Nzembi Muia alikuwa muuguzi katika zahanati ndogo ya kanisa kule Kawangware, lakini alipanga chumba mtaa wa Olympic, hapo Kibera, na kila jioni akirudi nyumbani watu walimsimamisha njiani kumuuliza hili na lile. Hivyo ndivyo alivyofahamiana na Obiero, fundi wa mbao aliyekuwa na kibanda cha kazi nyuma ya soko la Makina.

Jumanne moja ya mwezi wa pili Obiero alimwona akipita, akaweka randa chini, akamfuata.

"Sista, hebu kuja uangalie mama. Ameharisha kidogo."

"Tangu lini?"

Obiero aliyatazama maranda miguuni pake. "Tangu Jumapili."

Mamake, Aluoch, alikuwa amelazwa nyuma ya pazia, na mlango ulikuwa umefungwa mchana wote. Macho yalikuwa yamezama. Nzembi aliifinya ngozi ya mkono wake, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Aliwaita mafundi wawili wa jirani, wakamlaza mama huyo juu ya mlango mpya ambao Obiero alikuwa amemtengenezea mteja, wakambeba hadi barabarani kutafuta teksi. Aluoch alifungua macho mara moja tu njiani.

"Wasinizike Lang'ata," alimwambia mwanawe. "Nipeleke nyumbani."

Alifariki hospitalini Jumatano asubuhi. Sheria ya wakati huo haikuruhusu mwili wa mtu aliyekufa kwa kipindupindu usafirishwe hadi kwao ziwani. Obiero alipofika hospitali adhuhuri akiwa amevaa suruali yake ya Jumapili, aliambiwa mama ameshazikwa Lang'ata. Alionyeshwa namba ya kaburi kwenye karatasi. Siku iliyofuata watu wa afya walikuja na pampu ya dawa, wakatoa godoro, blanketi na nguo zote za marehemu, wakavichoma pale uchochoroni huku majirani wakitazama. Obiero alisimama mlangoni mpaka moshi ukaisha.

Nzembi alimwona wiki nzima akipiga randa bila kuinua kichwa. Alikuwa amemkasirikia; siku mbili ni nyingi kwa ugonjwa ule, na angelimpata Jumapili angelimwokoa kwa maji ya chumvi na sukari tu. Lakini hakujua namna ya kumwambia mtu neno kama hilo. Mwishowe ni Obiero mwenyewe aliyelitoa.

"Unajua kwa nini sikukuita mapema?"

"Sijui."

"Unamjua Murunga, yule alikuwa anauza viatu hapa? Januari aliharisha, akaenda akasema mwenyewe. Alipona. Kurudi, akapata nyumba haina kitu, yote imechomwa. Landlord akamwambia atoke, ati ameleta ugonjwa kwa ploti. Sasa mama aliona hiyo yote. Akaniambia, Obiero, ukiita hao watu nitakufa kabla nife. Nikamskiza." Alipangusa uso kwa mkono uliojaa vumbi la mbao. "Ni mimi nilimfungia, Sista."

Nzembi alikaa kwenye benchi ambalo halijapigwa rangi. Hasira yake ilikuwa bado ipo, ila hakujua tena aielekeze wapi.

Mwezi wa nne ilikuja barua zahanati. Ilitoka kwa Mheshimiwa Wagaki, mwalimu wa zamani aliyekuwa ameingia Bungeni katika uchaguzi wa Desemba. Kipindupindu kilikuwa kimepita katika shule moja aliyofundisha zamani, na alikuwa ameapa kwamba nchi isikutwe tena imelala. Alikuwa akiandaa mswada wake mwenyewe wa kujitayarisha kwa magonjwa ya mlipuko, na alitaka kukutana na watu wa Kawangware asikie maoni yao kabla ya kuuwasilisha. Nakala ya mswada iliambatanishwa na barua.

Nzembi aliusoma mara mbili wakati wa chakula cha mchana. Mengi yalikuwa mazuri: dawa ziwekwe tayari kila wilaya, maji yapimwe, zahanati ndogo zipate simu. Kisha akafika kifungu cha tisa. Mtu yeyote atakayemficha mgonjwa atafungwa miaka miwili.

Jioni hiyo alimpelekea Obiero ile karatasi. Obiero aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno.

"Hii ni mimi," alisema.

"Nataka uje uongee mbele ya huyo mbunge."

"Na nikisema nilimficha mama, si nitashikwa? Hata sheria iliyoko sasa inakataza."

"Inaweza kutokea," Nzembi alisema. "Sitakudanganya. Lakini nikienda peke yangu nitaongea kama muuguzi. Ataandika, aseme asante, basi."

Obiero alimrudishia karatasi, akaendelea na kazi.

Siku ya mkutano ukumbi wa kanisa ulijaa. Wenye hoteli walilalamika kwamba vibanda vyao vya chakula vilifungwa. Mzee mmoja aliongea kwa muda mrefu kuhusu mitaro. Mheshimiwa Wagaki, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliandika kila kitu kwenye daftari la shule. Nzembi alieleza habari ya maji na chumvi, na jinsi wagonjwa wengi walivyokuwa wakiletwa wamechelewa.

"Ndiyo maana ya kifungu cha tisa," Mheshimiwa alisema. "Watu wakijua kuna jela, hawataficha."

Hapo ndipo Obiero aliposimama karibu na mlango. Nzembi hakuwa amemwona akiingia.

"Mheshimiwa, naitwa Obiero, fundi wa mbao kutoka Kibera. Mimi nilificha mgonjwa. Alikuwa mama yangu."

Askari aliyekuja na mbunge alimgeukia. Mheshimiwa Wagaki aliinua mkono kidogo, askari akabaki alipo.

"Endelea, fundi."

Obiero alisimulia yote, tangu godoro la Murunga hadi namba ya kaburi kwenye karatasi. Hakupaza sauti. Mwishoni akasema, "Mama hakuogopa ugonjwa. Aliogopa wale wanakuja baada ya ugonjwa. Mkiongeza jela, watu wataficha zaidi, na watafunga mlango na kufuli."

Mheshimiwa aliweka kalamu chini.

"Kama ungejua kwamba hawatachoma vitu bila kuleta vingine," aliuliza, "ungemwita Sista siku ile ya Jumapili?"

"Ningemwita."

"Na mazishi?"

"Kama hawezi kupelekwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, sawa, mimi si mtoto. Lakini waniite. Nisimame pale. Niseme jina lake hata kama ni kwa mbali."

Mheshimiwa aliifungua nakala yake ya mswada, akapiga mstari juu ya maneno fulani. Nzembi alikuwa karibu kiasi cha kuona ni wapi.

Mswada ulipofika Bungeni mwezi wa saba, kifungu cha tisa kilikuwa kingine. Kilisema kwamba anayemleta mgonjwa hatashtakiwa, hata akichelewa. Kwamba kinachochomwa kwa ajili ya ugonjwa kitarudishwa na serikali, godoro kwa godoro. Na kwamba hakuna atakayezikwa kabla jamaa zake hawajaitwa. Nzembi na Obiero walipata nafasi juu, penye viti vya wananchi. Mheshimiwa Wagaki aliongea kwa robo saa, akasimulia habari za fundi mmoja bila kumtaja jina. Mbunge mmoja alisema huko ni kuwatuza wavunja sheria. Mwingine alicheka, akauliza kama serikali sasa itafungua duka la magodoro. Waziri aliposimama, aliusifu mswada, kisha akaomba uondolewe, kwa kuwa serikali ilikuwa ikitayarisha wake. Mheshimiwa Wagaki alikataa kuuondoa, na walipopiga kura, mswada ulianguka.

Nje, kwenye ngazi, Obiero alikuwa akikaza mkanda wake bila sababu.

"Wamekataa," alisema.

"Wamekataa," Nzembi alikubali.

Mheshimiwa Wagaki aliwakuta hapo. Alionekana amechoka, lakini hakuwa mtu aliyeshindwa.

"Mimi nilifundisha hesabu miaka kumi na minane," alisema. "Njia moja ikikataa, unajaribu nyingine. Sheria ile ya zamani ya afya inampa Waziri uwezo wa kutunga kanuni bila kuja Bungeni. Amesema mbele ya nchi nzima kwamba wazo ni zuri. Nitakuwa mlangoni kwake kila Jumatatu mpaka aliandike."

Alikwenda Jumatatu kumi na moja. Mwezi wa kumi kanuni zilitoka katika gazeti rasmi la serikali, ukurasa mmoja tu. Jela haikutajwa. Magodoro na blanketi zilitajwa. Sehemu ya mazishi ilikuwa imekatwa nusu: jamaa wawili waitwe, wasimame mbali. Obiero aliusoma ukurasa huo akiwa amekaa juu ya mbao zake, akaukunja, akautia mfuko wa shati. Kesho yake ndugu yake alifika kutoka ziwani, wakaenda pamoja Lang'ata na msalaba wa mvule alioutengeneza mwenyewe, wenye jina la Aluoch.

Mwaka uliofuata, mvua ndefu ziliponyesha, ugonjwa ulirudi, safari hii Kawangware. Asubuhi moja Nzembi alikuwa ndiyo kwanza anafungua zahanati alipoona mwanamke akisukuma mkokoteni kwenye tope, na ndani yake mwanamume amejikunja, amefunikwa leso. Mwanamke huyo aliitwa Ndunge, muuza mboga.

"Ameanza lini?" Nzembi aliuliza akiufinya mkono wa mgonjwa. Ngozi ilirudi haraka mahali pake.

"Usiku huu. Saa kumi hivi."

"Umefanya vizuri kuja mapema. Hukuogopa?"

"Niogope nini? Watu wanasema siku hizi wakichoma wanarudisha. Jirani yangu aliletewa godoro, hata ni nzuri kushinda ile ya kwanza."

Ndunge hakuwahi kusikia habari za mswada wala za Mheshimiwa Wagaki. Nzembi alichanganya chumvi na sukari katika maji yaliyochemshwa, akamkalisha mgonjwa, akamnywesha kijiko baada ya kijiko. Ilipofika saa nne mwanamume yule aliomba kikombe akishike mwenyewe. Ndunge alikuwa ameketi kizingitini akikamua tope kwenye pindo la rinda lake. Aligeuka, akauliza kama mumewe anaweza kula ugali leo au angoje hadi kesho.

"Uji kwanza," Nzembi alimwambia. "Ugali kesho."