Ubao wa Mlango wa Mashine

Alhamisi tarehe 14 Machi 2024, saa nne asubuhi, Severina alitoka maabara ya kituo cha afya na karatasi iliyosema figo zake hazina neno. Mumewe, Emilian, akamshukuru Mungu. Daktari akaandika vidonge vya maumivu ya mgongo, vya aina isiyopewa mgonjwa wa figo. Severina akavimeza kama alivyoambiwa, akavimba miguu, akavimba uso, na siku ya kumi na tisa madaktari wa mjini wakasema figo zilikuwa zimeharibika siku nyingi. Akazikwa mtama ukiwa bado mbichi shambani.

Tangu hapo Emilian alitaka kitu kimoja tu: mtu wa kituo akiri kwamba karatasi ile ilikosea. Wakubwa walimjibu kwa adabu ya watu walioshiba. "Andika malalamiko, mzee, uweke kwenye sanduku." Akaandika mara tatu, kwa mwandiko wake wa darasa la nne. Mlinzi ndiye aliyemnong'oneza kwamba ufunguo wa sanduku ulipotea tangu mganga mfawidhi wa zamani, aliyekuwa mkuu wa kituo, alipohamishwa.

Mwezi wa tisa ikasikika kwamba wakaguzi wa ithibati wanakuja. Maabara ikipita, itapewa cheti cha kuonyesha kwamba majibu yake ni ya kuaminika. Kuta zikapakwa rangi, makoti meupe yakapigwa pasi. Sanduku lile halikuguswa.

Emilian alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, kwenye laini moja ya umeme na kituo, huko upande wa Ihanja. Umeme ukikatika, magunia hulala kwenye foleni na akina mama hugombana nani alitangulia. Basi kila siku ya kukosa umeme aliichora tarehe kwa msumari kwenye ubao wa mlango, mtu asije akamdanganya. Asubuhi ya ukaguzi akachukua bisibisi, akang'oa ubao, akaufunga kwenye baiskeli.

"We Emilian, unahama na mlango?" jirani yake Martina alimpigia kelele.

"Huu mlango ndio unaokwenda kutoa ushahidi, shemeji. Mimi wamenichoka."

Maabarani alimkuta Sostenes, mkuu wa maabara, akimfungulia mkaguzi faili moja baada ya jingine. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, jina lake Eliana. Sostenes akaruka mlangoni.

"Mzee Emilian, shikamoo. Leo tuna wageni, rudi Jumatatu."

"Marahaba. Jumatatu zangu zimekwisha."

"Shikamoo, baba," Eliana akasema. "Pita. Malalamiko ya wagonjwa nayo ni sehemu ya ukaguzi."

Emilian akaegemeza ubao kwenye meza. "Dawa za hapa za kupimia figo zinakaa wapi, mama?"

"Kwenye friji; zikipata joto huharibika, zikatoa majibu ya uongo. Kila siku wanapima ubaridi wake asubuhi na jioni, wanaandika."

"Tafuta Machi. Tarehe kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne."

Eliana akafunua. Nyuzi nne. Nyuzi nne. Nyuzi nne. Kalamu moja, saini moja, asubuhi na jioni. Kisha akainama kwenye ubao: chini ya neno Machi, 12, 13, 14, zimechimbwa mpaka mti mweupe ukaonekana.

"Upepo uliangusha nguzo ya umeme," Emilian akasema. "Siku tatu sikusaga hata kibaba."

"Tuliwasha jenereta," Sostenes akadakia.

"Jenereta ipi, mwanangu? Ile waliyohamia nyuki tangu mwaka jana? Si mlikuja kuniomba moshi wa kuwafukuza, mwezi wa nne?"

Mlinzi, aliyesimama mlangoni, akacheka, akajikohoza. Sostenes akakaa kwenye stuli. Akasema akitazama sakafu, "Tulikuwa tunajaza wiki nzima siku ya Jumatatu. Wote tulifanya hivyo. Mkoani walitaka karatasi iliyojaa, hakuna aliyewahi kuulizia friji. Umeme ukikatika mashine ya kupimia tuliiendesha kwa betri, friji haikuwa na betri."

Eliana akaandika muda mrefu. "Cheti hakitatoka, baba. Si kwa hali hii."

Emilian alidhani atafurahi. Akavuta kwake daftari la majibu lililokuwa wazi mezani, akashuka na kidole mpaka Machi, mpaka jina la Severina. Kidole hakikuishia hapo. Chini yake kulikuwa na Peniel. Kulikuwa na Amne, wa miaka ishirini na sita. Ukurasa ukaisha, akafunua mwingine.

"Na hawa?" akauliza, akiwatazama wote wawili. "Hawa waliorudi nyumbani na karatasi nzuri, nani anakwenda kuwaambia?"