Mtani wa Mzee Rahimu

Ofisi yao iko Raskazone, mtaa uleule wa ile ya zamani, na kazi ni ileile: kuwatolea watu mizigo bandarini. Eliudi, Hafsa na Innocent walimuaga mwajiri wao, Mzee Rahimu, siku moja, wote watatu, wakafungua yao, na wateja wengi wakawafuata. Wenyewe hujipoza kwamba biashara haigombi. Lakini tangu siku ile hakuna aliyemtukana Eliudi, na hilo ndilo lililokuwa likimla.

Maana Mzee Rahimu ni Mzigua, na Eliudi ni Mnyamwezi, mjukuu wa wakata mkonge wa Muheza. Watani wa jadi hao. Miaka yote pale ofisini siku ilifunguliwa kwa matusi.

"We mpagazi wangu, mzigo umeuacha wapi?" mzee alikuwa akiuliza.

"Nilimkabidhi babu yako, akaula," Eliudi alikuwa akijibu, na ofisi nzima ikicheka.

Mzee alipofiwa na baba yake, Eliudi ndiye aliyevaa kanzu ya marehemu, akasimama mlangoni akikohoa na kudai bakora yake, mpaka mfiwa akacheka huku machozi yanamtoka. Kazi ya mtani ndiyo hiyo. Na mtani hanuniwi, afanye afanyavyo.

Siku walipoaga, mzee aliwatakia heri tu. Eliudi alijiambia kuwa ni mshtuko, utapita.

Kisha ikaja habari kwamba Bi Semeni, mama yake Mzee Rahimu, amefariki.

"Mie siendi," Hafsa alisema. "Ntamtazama kwa jicho gani? Nenda wewe, mtani wake."

Innocent akajitia ana shughuli kwenye kompyuta. Eliudi akaenda peke yake, maana alijua kuwa leo ndipo atakapojua kama bado ana mtu.

Wanawake msibani walimkumbuka, wakampa kanga ya marehemu bila kuulizana. Akajifunga kiunoni, akapinda mgongo, akakokota miguu mpaka mkekani alipoketi Mzee Rahimu.

"Rahimu!" akaita kwa sauti ya bibi. "Wageni wote hawa umewaita, na wali wa kuwatosha huna? Nimezaa nini mie?"

Wanawake wakaangua kicheko. Eliudi akasubiri tusi. Moja tu lingemtosha, hata la mpagazi.

Mzee Rahimu akainuka taratibu, akampa mkono.

"Karibu, ndugu Eliudi," alisema kwa upole. "Ahsante sana kwa kuja kutufariji. Mungu akulipe. Keti, utaletewa chai."

Kicheko kikakatika. Watu wakajisogeza kumpisha, kwa heshima zote, naye akakaa katikati yao na kanga ya marehemu kiunoni, asijue aivue au aiache.

Chai ililetwa, katika kikombe cha wageni.