Mtaa Usioingia Gari

Mtaa mpya wa Wembley, London, ulisifiwa na kila aliyeuona. Nyumba zimebanana, ghorofa juu ya ghorofa. Bucha, duka la dawa na shule vyote ni mwendo wa miguu, na uwanja wa nyasi ulionusurika kumezwa na majengo umebaki kwa watoto. Magari huishia nje, barabarani. Aliyeuchora ni Dinah, binti wa Mombasa, na sifa zilimwingia kichwani. Nani zisingemwingia?

Mpaka asubuhi moja alipomkuta Mzee Rajab njiani na mkewe, wakienda hospitali bibi akasafishwe damu, maana figo zimemchoka. Bibi alikuwa ameketi juu ya ukuta wa bustani, anahema. Teksi iliwasubiri kule barabarani. Zamani, kabla mtaa haujajengwa upya, ilikuwa ikifika mlangoni.

Dinah alitamani ardhi immeze. Watu hawa ndio waliompokea alipofika London mwanafunzi, hana hata koti la baridi, wakamlaza, wakamlisha. Na katika mkutano wa wakazi kuhusu mchoro wake, alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, Mzee alikuwa kiti cha mbele, kimya, naye Dinah akahesabu kwamba wote wameridhia. Mtoto wa Pwani mzima! Kimya cha mwari anayeposwa ndiyo ridhaa. Cha mzee ni habari nyingine.

Akamwuliza mbona hakusema.

"Nikuumbue mbele ya watu, mwanangu?" Mzee akajibu. "Haifai."

Dinah akaitisha mkutano mwingine, aombe njia nyembamba ya gari pembeni mwa uwanja, japo bosi wake alimwonya kwamba atajichafulia jina. Akamsihi Mzee aje aseme ukweli, na Mzee akaahidi.

Siku ilipofika, wakazi walikataa katakata: nyasi zisiguswe. Dinah akamgeukia Mzee. Mzee akainuka, akamtazama Dinah aliyesimama peke yake mbele ya watu.

"Sisi tunatembea vizuri tu," akasema. "Mwanetu amefanya kazi nzuri."

Ukumbi ukapiga makofi. Dinah angeweza kunyamaza, akaondoka na jina lake safi. Kwao mtu hamtamkii mzee neno lililomjia ulimini hata kwa utani, sembuse mzee aliyekulisha. Alilitamka huku machozi yanamtoka.

"Mzee anasema uongo," alisema. "Ananistiri mimi."