Mlango wa Nyuma wa Korola

Gari la marehemu halina haya. Mtu akifa, nguo zake zinagawiwa, viatu vyake vinapata miguu mingine, lakini gari linabaki uani linakukodolea taa zake kila ukitoka kumwaga maji. Cécile aliishi hivyo mwaka mzima na zaidi, pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nje ya Lilongwe, nyuma ya nyumba yake ya matofali mabichi. Gari lenyewe lilikuwa Korola nyeupe ya mumewe, Lwaboshi. Tairi zilikuwa zimekaa chini, stika ya kioo imefifia, na kadi ya gari ilikwisha muda mwenyewe akiwa bado hai.

Hilo la kadi ndilo lililozaa yote, kwa hiyo tulimalize mapema. Lwaboshi alikuwa akipeleka wagonjwa wa kambi kwenye hospitali za Lilongwe, mwenye nauli na asiye nayo. Alikuwa mtu mwema, tena mvivu wa makaratasi kuliko wanaume wote waliotoka kwao Fizi. Mkewe akimkumbusha kadi, alijibu, “Wiki inayokuja.” Ngoja ngoja huumiza matumbo, ila safari ile tumbo lililoumia halikuwa lake. Mchana mmoja Carmen, jirani yao Mrundi, alikuja mbio amembeba binti yake Iteka, mtoto wa miaka mitatu, malaria imempanda kichwani. Gari la wagonjwa la kambi lilikuwa limetoka. Lwaboshi akawasha Korola, wakaondoka.

Njiani walisimamishwa kwenye kizuizi, na kadi ikaonekana imekufa. Askari hakuwa mtu mbaya. Aliuliza anachopaswa kuuliza. Lwaboshi alieleza, akaomba, akapiga magoti juu ya lami. Waliporuhusiwa kwenda, Iteka alikuwa ameshanyamaza kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake.

Toka siku ile Lwaboshi hakuendesha tena. Aliliegesha gari uani, na kila jioni aliingia akakaa nyuma ya usukani, hapeleki mtu popote. Cécile akimwambia ashuke ale, alijibu neno lake la siku zote, lile ambalo zamani alilitumia kuwachekesha abiria: “Dereva anashukaka wa mwisho.” Jioni moja chakula kikapoa. Cécile alipotoka kumwita alimkuta ameegemea usukani, moyo umesimama.

Carmen hakufika msibani. Cécile alilichukua hilo akaliweka kifuani. Alijua mtoto wa watu alifia kwenye gari la mumewe, alijua, lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wakawa wanapishana kisimani kama watu wasiojuana.

Sasa sikia. Lwaboshi alipozikwa, mlango wa nyuma wa Korola ukaanza kukutwa wazi. Cécile anaufunga jioni, kukicha uko wazi. Akaufunga kwa kamba, kukicha kamba iko chini. Majirani walianza kunong’ona, na lisemwalo lipo. Wanawake wakabadilisha njia ya kwenda kuteka maji. Cécile aliogopa, na zaidi ya kuogopa aliona aibu, maana hakuna aibu kama kumwogopa mume uliyemwosha mwenyewe kwa mikono yako. Alichotaka ni kimoja tu: Lwaboshi atoke katika lile bati, aingie nyumbani, atulie na wafu wenzake.

Pasta Ezechiel hakutaka kusikia. “Mama Junior,” alisema, akimwita kwa jina la mwanawe aliyekwenda Afrika Kusini, “mbinguni hakuna parking. Toa ile gari, moyo utapoa.” Akamweleza kuhusu chama cha hisani kule Likuni kinachopokea magari mabovu, hata yenye makaratasi yaliyokufa. Wanayafungua, wanauza vipuri, wananunua dawa za watoto. Cécile alikuwa amekwisha kumfukuza mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Kawale, kwa sababu kwao kitu alichofia mtu hakiuzwi. Ila kutoa ni jambo jingine. Aliposikia dawa za watoto, alikubali.

Lakini hakuwa mjinga wa kutoa gari na mume ndani yake. Katika ukoo wao, mtu akifia nje ya nyumba, mtu wake mwenyewe huenda pale alipofia. Humwita kwa jina, humwambia twende, kisha hurudi nyumbani bila kugeuka nyuma, na wakifika penye maji humwambia hapa ni maji, vuka. Hutumi mtu baki. Mfu hamfuati asiye wake, kama vile mtoto hamfuati mgeni. Basi asubuhi ya kukabidhi gari Cécile alichukua shati la mumewe la Jumapili, akasimama kando ya usukani.

“Lwaboshi,” aliita. “Tuende ku nyumba.”

Akatembea mpaka ndani, hakugeuka, akalitandika shati juu ya kiti chake. Honoré, shemasi wa kanisa lao anayefanya kazi kwenye kile chama, akaja na lori, wakaivuta Korola. Cécile aliwapa hata chai. Siku zile alilala usingizi wa watu.

Kisha simu ikalia.

“Mama Junior, unisamehe,” alisema Honoré. “Ile gari bafundi bamekatala kuifungua.”

“Juu ya nini?”

“Mulango ya nyuma. Kila asubui iko wazi. Mulinzi aliikaza na waya, akakuta waya iko chini. Na kiti ya mbele imelala, sawa vile mutu ameikalia. Mulinzi anasema dereva iko ndani bado.”

Cécile aliweka simu, akageukia shati kitini. Lilikuwa limenyooka vile vile alivyolitandika. Uchungu ulimpanda, akamsema marehemu kwa sauti, peke yake ndani ya nyumba, kwamba amemwita vizuri, amempa heshima yote, naye anang’ang’ania gari bovu mbele ya wageni huko Likuni. Anangoja nini? Na swali lilipomtoka mdomoni jibu likaja nalo. Lwaboshi hajawahi kushuka kabla ya abiria wake. Wamemwita dereva, abiria wamemwacha ndani.

Na abiria yule alikuwa na mwenyewe.

Hakuna mlango mgumu kama wa jirani uliyemnunia. Cécile alimkuta Carmen amekaa kizingitini anachambua maharage.

“Carmen, dada, nimekuja na shida.”

“Sema hapo hapo.”

“Ni ile gari.”

“Sitaki habari ya ile gari.”

“Niko najua. Lakini mume wangu amekatala kutoka, na naona ni juu ya Iteka. Mi siwezi kumuita. Iteka si wangu.”

Carmen aliendelea kuchambua. Tangu maziko ya mtoto hakuna mtu aliyelitaja jina hilo mbele yake, na Cécile alitegemea kufukuzwa. Carmen aliusukuma ungo pembeni.

“Ule mulango,” alisema, “ni miye nilikuwa nafungua.”

“Mulango gani?”

“Wa nyuma. Kila alfajiri, weye umelala. Jina sikuweza kuita. Kuita ni kukubali kama amekufa. Nikasema niache mulango wazi, pengine atachoka kukaa mule, atatoka mwenyewe.”

Hasira ilimshika Cécile mpaka masikio yakawaka. Mwaka mzima! Mwaka mzima wa kuamka na jasho, wa kusali mpaka magoti yakachubuka, kumbe ni jirani na mikono yake miwili. Angekuwa mwanamke wa ngumi, wangepigana pale pale juu ya maharage. Akafungua mdomo amtukane, ila Carmen alikuwa anamtazama kwa namna ambayo matusi yaligoma.

“Mama Junior,” alisema polepole. “Kule Likuni, nani anafungua?”

Kutoka Dzaleka hadi Likuni ni safari ya kukata Lilongwe yote, na Carmen hajatoka kambini tangu siku ile ya kizuizi.

“Ni Baba Junior,” alisema Cécile. “Anamufungulia mutoto.”

Carmen aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kitenge kimekunjwa. Kilikuwa cha kubebea mtoto, na mikunjo yake ilikuwa ya zamani.

Waliomba ruhusa ya kutoka kambini, wakafika Likuni jua likiwa juu ya kichwa. Ua wa kile chama ulikuwa umejaa magari yasiyo na injini, yasiyo na milango, mengine yamebaki mifupa. Korola ilisimama mwisho, nzima, mlango wake wa nyuma wazi. Mlinzi aliwaonyesha kwa kidole, akasema zikomo, asante ya kwao, akarudi getini kwake haraka kuliko kazi yake ilivyohitaji.

Carmen alisimama mbele ya ule mlango. Alijaribu kuita, sauti ikakwama. Akajaribu tena, ikakwama. Cécile hakumsaidia, maana hakuruhusiwa, na kule kutomsaidia kulimchoma kuliko jambo jingine lolote la siku ile. Mwishowe Carmen aliacha Kiswahili, akaita kwa lugha aliyombembelezea mwanawe.

“Iteka,” alisema. “Ngwino, mwana wanje. Dutahe.”

Njoo, mwanangu, turudi nyumbani. Wapenda vishindo waniwie radhi: hapakuwa na kishindo, upepo haukuvuma, hakuna kilichotikisika. Carmen aliinama tu, akatupa kitenge mgongoni, akakifunga kifuani kama afungavyo kila mama, na alipoinuka aliinuka taratibu, kwa uangalifu. Akaligeuzia gari mgongo.

“Mwambie mume wako,” alisema bila kugeuka, “nilimuona vile alipiga magoti. Sikumwambia. Mwambie nilimuona.”

Hapo ndipo Cécile alipolia. Hakulia hivyo hata siku ya maziko ya mumewe. Alilia kwa ajili ya mwaka ule wote wa kununiana, wanawake wawili kwenye kisima kimoja, kila mmoja na mfu wake ndani ya gari lile lile. Kisha akajifuta, akaenda upande wa usukani.

“Baba Junior, umesikia,” alisema. “Abiria yako ameshuka, iko kwa mama yake. Shuka na weye. Tuende.”

Akaufunga mlango wa nyuma. Ukafungika.

Walirudi bila kugeuka nyuma. Ndani ya basi dogo, penye kila daraja midomo yao ilicheza pamoja: hapa ni maji, vuka. Abiria wengine walidhani ni wamama wa maombi. Walipoteremka kwenye lami, walipanda kabaza mbili, baiskeli za kubeba abiria, za kuingia kambini, Carmen mbele, Cécile nyuma juu ya baiskeli ya Faustin, mzee wa Uvira ambaye miaka yake haikumruhusu tena kazi ile lakini tumbo lilimlazimisha. Njia nzima Cécile alitafuta dalili ya mumewe, uzito, joto, chochote. Hakupata. Akaanza kuogopa kwamba amembakiza kule kule, na kwamba kesho mafundi watamfungua pamoja na injini.

Walipokaribia kambi Faustin alianza kupiga kanyagio polepole.

“Mama Junior,” alisema, akihema, “ambia mwenzako afunge kitenge muzuri. Kichwa ya mutoto iko naanguka.”

Cécile alitazama mbele. Aliona mgongo wa Carmen, na kitenge kimelegea, kitupu. Faustin alikuwa anasubiri jibu, jicho lake liko barabarani, mtu aliyesema jambo la kawaida kabisa.

“Carmen!” aliita. “Shika kichwa. Amelala.”

Carmen hakugeuka. Alipeleka mkono nyuma, akainua kitu taratibu hadi kwenye bega lake, na mkono ukabaki pale mpaka walipofika.

Mlangoni kwa Carmen waliagana. Carmen alisema tu, “Kesho tuende kisimani pamoja,” akaingia na mzigo wake. Cécile alikwenda kwake jua likianza kushuka. Alitaka kusimama kizingitini na kumpisha mumewe apite, kisha akakumbuka utaratibu wa mtu wake. Akaingia yeye kwanza, akaacha mlango wazi. Uani nyuma ya nyumba palikuwa pamebaki alama nne za tairi na majani makavu. Akawasha mkaa, akachemsha maji, akasonga bugali mgongo wake ukiwa umeelekea mlangoni, kwa sababu kugeuka hakuruhusiwi mpaka aliyeitwa awe ameingia.

Alisonga kwa muda mrefu, bugali ukawa mgumu. Mikono ilimuuma. Alikuwa ameanza kusema moyoni basi, nimemkosa, aliposikia mlango nyuma yake ukifungwa polepole, kama aufungavyo mtu aliyehakikisha kwamba wengine wote wameshaingia.

Cécile alipakua sahani mbili.