Gari la Baba Xavier

Ilikuwa saa kumi na nusu, ofa inafungwa saa kumi na moja, na Kwamboka alikuwa amekaa mbele ya Kishore, muuza magari wa Hodge Hill, Birmingham, roho mkononi. Serikali ilikuwa imetangaza: lete gari lenye zaidi ya miaka kumi likasagwe, upunguziwe pauni elfu mbili kwenye jipya, viwanda vipate kazi. Fungu la pesa hizo lilikuwa linaisha siku hiyo. Na wakala aliyemwajiri kuhudumia wazee majumbani huko Shard End alikuwa amesema wazi: gari likimzimikia njiani mara nyingine, asirudi kazini.

"Kadi ya gari, yaani logbook, ina jina la Walter," Kishore alisema kwa Kiingereza. "Mwenye jina ndiye anayepunguziwa. Bila yeye siwezi."

Hapo ndipo palipokuwa na upumbavu, na tuuite hivyo hivyo. Walter, ambaye kanisani kwao walimwita Baba Xavier kwa jina la mwanawe, alimpa gari hilo miaka minne iliyopita, Kwamboka alipofika Birmingham hana mbele wala nyuma. Kwamboka hakubadilisha jina. Kwao, mkubwa akikupa kitu hukimbilii kufuta jina lake, utaonekana unamfukuza. Gari likabaki la Baba Xavier kwenye karatasi na la Kwamboka barabarani.

Alimpigia simu. "Nakuja," Walter akajibu, akakata. Kutoka Castle Vale, alikoishi, ni dakika kumi kwa gari. Zikapita ishirini. Kwamboka akaanza kuwaza mabaya: labda anazitaka zile elfu mbili yeye. Labda ndiyo maana miaka yote hakuwahi kumwambia abadilishe jina. Mawazo hayo yalimtia aibu, na bado hakuyaacha.

Zilipobaki dakika tano mlango ukafunguliwa. Walter aliingia amelowa mvua chapachapa, mkewe Charity nyuma yake, wote wanahema.

"Sorry, bus imetuchelewesha," akasema, akachukua kalamu.

"Bus?" Kwamboka alishindwa kujizuia. "Na gari yako, Baba Xavier? Ama ulitaka time iishe?"

Walter akainama, akatia sahihi. Charity ndiye aliyeshindwa kunyamaza.

"Utamwambia, ama nimwambie mimi?" Akamgeukia Kwamboka. "Ukikimbiza gari upigwe picha na speed camera, barua ya faini inaenda kwa nani? Kwa mwenye logbook. Zimekuja nne. Zote nne amesema ni yeye alikuwa anadrive. Licence yake imechukuliwa tangu March."

Kwamboka akamtazama Walter.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa unakimbilia wagonjwa," Walter akasema. "Ningekuletea aje barua kama hiyo? Ungefikiri nataka gari yangu."

Kishore alibonyeza kompyuta yake, akasubiri, akasema imekubaliwa. Gari jipya lingekuja baada ya wiki tatu, kwa jina la Walter tena. Hakuna aliyeshangilia.

Walirudi Castle Vale katika lile kuukuu, ambalo lingesagwa jipya likifika, Charity kiti cha nyuma, Walter kando ya dereva. Kwamboka aliendesha maili ishirini kwa saa njia nzima, machozi yakimtoka, magari ya nyuma yakimpigia honi.

"Ongeza kidogo, sister," Walter akasema. "Hivi tutafika kesho."

Hakuongeza.