Dawa Iliyokatwa kwa Mwili wa Baba

Dawa ya Baba ilikuja kwa ndege. Ilikuwa ndani ya sanduku dogo zito la madini ya risasi, na mtaalamu wa mionzi aliliingiza wodini kwa kitoroli, taratibu, kama anayesukuma mgonjwa. Tulishaelezwa kwamba mle ndani mna kingamwili zilizobebeshwa mionzi. Zikiingia kwenye damu, zinaitafuta saratani zenyewe, zinaing'ang'ania na kuichoma palepale ilipojificha.

Baba alikuwa ameketi kitandani, mkono ameshaunyoosha, daktari alipoingia na majibu ya damu ya asubuhi ile.

"Mzee, chembe za kugandisha damu zimeshuka mno. Nikikupa dawa hii leo unaweza kuvuja damu, nami nishindwe kuizuia."

"Basi nipunguzie. Mimi fundi cherehani, suti kubwa huwa naipunguza tu."

"Hata nikiipunguza ni hatari. Na suti ingesubiri kabatini. Hii inapoteza nguvu kila saa, na imetengenezwa kwa ajili yako peke yako." Daktari akavua miwani. "Lakini si ulinipigia simu wiki iliyopita, ukasema umepima huko karibu na nyumbani? Namba ulizonisomea zilikuwa nzuri. Ndiyo maana niliagiza."

Baba akanitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyeulizwa. Mbele za watu huwa siongei. Nikaangalia vidole vyangu.

"Nilikusomea za mwezi uliopita," akasema. "Nilikuwa na sare za shule za kumalizia. Mteja niliyemzoea simpimi kila mara, Daktari. Nikajua mwili ni uleule."

Daktari hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

"Tutaagiza nyingine chembe zikipanda."

"Zitapanda lini?"

"Sijui, mzee."

"Na huu uvimbe umekubali kunisubiri?"

Alisema kwa mzaha. Mtaalamu akaanza kugeuza kitoroli.

"Mwanangu," Baba akamwita, "dawa humo bado ina nguvu?"

"Inayo, baba."

"Unaipeleka wapi?"

"Stoo. Itakaa huko mpaka iishe nguvu."

Baba bado alikuwa amenyoosha mkono. Nikainuka, nikaenda kusimama mlangoni, mbele ya kitoroli. Mtaalamu akasimama akanisubiri, kwa adabu kabisa.

Nikampisha.