Gauni Liliingia

Kila Desemba ikifika, Mbaé hufunika cherehani yake kwa gunia, na asiyemjua humdhania mvivu. Huo ndio mwezi ambao mafundi wa mji wa Andoany hawapati hata nafasi ya kula, kwa sababu hakuna Mkristo wa kisiwa hiki, hata yule anayeingia kanisani mara moja kwa mwaka, atakayekubali kuipokea Noeli na nguo kuukuu. Miezi mingine Mbaé hupokea suruali za kupunguza, mapazia, kanzu. Gauni la Noeli hashoni. Shemeji yake Mahamoud, ambaye msikitini haonekani na kanisani hajulikani, humwambia kuwa Noeli ni siku ya wali wa bata na bia tu, dini haimo, na kwamba anaifukuza riziki kwa kununa.

Zamani alizishona. Kule Mahajanga, pwani ya Madagaska, mtaani Ampisikina, Idi ikija sahani za mikate zilivuka ua kwenda kwa Wakristo, na Noeli ikija sahani zilirudi na vitu vyao. Watoto wa Kingazija walikwenda kanisani kumtazama yule mtoto wa udongo aliyelazwa kwenye majani makavu, na mwalimu wa chuo cha Kurani hakuwachapa, maana Nabii Isa ni wetu pia. Leo wakubwa wakipanda jukwaani hupenda kuzikumbuka sahani hizo. Sahani wanazikumbuka vizuri mno. Mapanga yaliyowaua Wangazija Desemba sabini na sita wanayaita “matukio”, halafu wanakunywa maji, wanaendelea na hotuba.

Siku ya pili ya mauaji, nyumba za Wangazija zikiwaka, Mbaé alimkabidhi dada yake Echata gauni jeupe lililokwisha hadi vifungo. Lilikuwa la Soazara, Mkatoliki wa nyuma ya ua. Alimwambia apite uani, agonge mlango wa jiko. Yeye mwenyewe angetokea barabarani ili wale wenye mapanga wamfukuze yeye. Aliamini hakuna mwanamke wa kumfungia nje mtu aliyemletea gauni la Noeli. Ndivyo anavyowaza fundi, dunia nzima anaiona kwa jicho la nguo.

Mbaé alifika kambi ya askari akihema, akiwa hai. Echata hakufika; waliokuja baadaye walisema aliuawa uani, watu wanatazama. Na siku ya Noeli yenyewe, mtu aliyetoka kambini kutafuta maji alirudi na habari kwamba amemwona Soazara akitoka kanisani, amevaa gauni jeupe.

Wenzake walipopandishwa ndege kupelekwa Ngazidja, kwao Komoro, Mbaé alikuja kisiwa hiki cha Nosy Be kwa ndugu wa mama yake, kijijini Ambanoro, akafungua baraza ya kushonea Andoany. Miaka mitatu alilala na kuamka na swali moja: gauni liliingiaje bila aliyelibeba?

Wiki moja kabla ya Noeli ya sabini na tisa, Soazara akatokea. Binti yake aliolewa Andoany. Alisimama kwenye baraza ya kushonea, kuku mkononi, akamsalimia kwa Kimalagasi na kumwita kaka. Padri, alisema, amewaonya wasiiendee komunyo ya Noeli kabla ya kupatana na wale ambao wao wamewakosea. Amekuja kuomba radhi.

“Radhi ya nini?”

“Ya yale yaliyotokea, kaka.”

“Yaliyotokea yana wenyewe. Wewe ulifanya nini?”

Soazara akaeleza kwamba kila mtu aliogopa, kwamba mumewe alikuwa ndani, kwamba aliyeficha mtu naye angechomewa nyumba. Mbaé alimwacha amalize yote.

“Gauni liliingiaje, Soazara?”

Alimbadilisha kuku mkono. “Nilifungua kiasi cha kupita mkono. Nikalivuta. Kisha nikarudisha komeo.”

“Alisema nini?”

“Alisema, dada Soazara, bado mimi.”

Mbaé aliuchukua mkasi uliokuwa mezani, akautia kwenye droo ya meza, akaifunga.

“Radhi hiyo ni ya Echata, na mimi kaburi lake sikuonyeshwa. Kwangu nataka jambo moja. Siku ya Noeli simama kanisani useme kama ulivyoniambia mimi.”

“Nimekwisha kuungama kwa padri.”

“Kwenye kisanduku chenu cha kuungamia. Echata hakufa kwenye kisanduku. Alikufa uani, watu wanatazama.”

Soazara akasema atasema. Mbaé akamrudisha na kuku wake.

Asubuhi ya Noeli Mbaé alivaa kanzu na kofia, akasimama nje ya mlango wa kanisa la Andoany, mahali anapoweza kuona mpaka mbele. Waliimba. Padri alihubiri upendo. Watu walipopanga mstari wa komunyo, Soazara aliinuka, akageuka, akamwona. Akaenda mbele. Akapokea, akarudi kuketi, akainamisha kichwa.

Ibada ikaisha. Waliotoka walifurahi kumkuta Mwislamu mlangoni. Wakampa mkono, wakamtakia Noeli njema. Padri mwenyewe akamshika bega na kuwaambia watu: mnaona, Noeli ni ya wote.

“Mimi sikuja kusherehekea,” Mbaé akasema. “Nilikuja kumsikiliza Soazara, na Soazara amenyamaza.”

Padri akaondoa mkono. Soazara alikuwa kwenye ngazi, binti yake amemshika kiwiko, akimvuta waondoke.

“Basi nitasema mimi,” Mbaé akasema, kwa Kimalagasi, taratibu, ili hata watoto wasikie. “Dada yangu aliitwa Echata. Alikuwa na miaka kumi na tisa.”

Soazara akauondoa mkono wa binti yake, akaketi kwenye ngazi. Mbaé akasimulia mpaka komeo lilivyorudishwa; Soazara hakuondoka, wala hakukana neno.